Pampu Niliyoishusha Kisimani

Pampu ile niliinunua Koboko ikiwa imekufa. Mwuza vyuma chakavu mwenyewe alinionya: "Mwalimu, hii iko sumbua mutu sana." Nilicheka. Nafundisha shule ya msingi Arua, upande wa kuelekea Vurra, na raha yangu ya Jumamosi ni kufufua vitu vilivyotupwa.

Ilinisumbua kweli. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi, ikawaka. Lakini maji haikuvuta, ilinyonya hewa tu. Nilikata gasketi ya kuzuia hewa kutoka mpira wa tairi la boda, ikapasuka. Nikakata nyingine. Vidole vilinuka petroli hata mezani, mke wangu akawa ananisogezea sahani kwa mbali. Siku ilipotema maji ya kwanza kutoka kwenye pipa, nilipiga kelele kama mtoto.

Lakini kiangazi kilikuwa kimekomaa, na maji ya kisima chetu yalikuwa yameshuka mno. Pampu ikikaa juu haikuyafikia. Basi nilichimba kidaraja cha kuikalisha kwenye ukuta wa kisima, kama nusu ya kina, nikaiteremsha pale, nikaiwasha na kupanda haraka. Maji yalifika mpaka kwenye bustani yetu ya nyanya. Mke wangu alitia miguu mferejini akatabasamu. Baadaye injini ikakohoa, ikazima. Petroli ilikuwa imekwisha.

Nilikuwa nimeshika kidumu tayari kushuka, jirani yetu akaniita kutoka uani kwake. Ni mama wa Sudan Kusini, huuza chapati barabarani, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mwalimu, wewe hapana shuka!"

"Injini imeshazima, mama."

"Injini imekufa, moshi iko bado. Ndugu yangu alishuka hivi. Wa pili alifuata, kutoa yeye. Wote hapana rudi."

Nilichungulia. Sikuona moshi wowote. Ila vyura, ambao hulia mle kila siku, walikuwa kimya.

Nilitaka kubisha, lakini mke wangu alikwishaleta kamba. "Funga, baba watoto, au hushuki." Nikaipitisha kwapani, kuwaridhisha tu.

Nakumbuka vidato vichache vya ukutani nilivyokanyaga. Sikunusa kitu. Kichwa kilijaa, magoti yakalegea, nikaona mkono wangu ukiachia ukuta kana kwamba si wangu. Nilijua napaswa kuita. Sikuona sababu.

Nilizinduka nikiwa kwenye matope ya nyanya, natapika. Mke wangu alikuwa analia bila sauti, viganja vimechunika. Mwendesha boda waliyemwita barabarani awasaidie kuvuta alikuwa amekaa chini, akilitazama shimo kama anayetazama nyoka. Jirani alikuwa ametupa kisogo, mabega yanatetemeka.

Pampu niliitoa siku nyingine kwa ndoano, nikiwa juu. Sasa inavuta maji ya kijito, inakwenda vizuri, na sikatai kwamba nikiisikia ikinguruma naona fahari.

Mwezi uliopita fundi baiskeli wa kijiji cha pili alikuja kuiazima kwa ajili ya kisima chake. Nilikataa, nikamweleza yote, kwamba sumu ya moshi hubaki shimoni bila kuonekana wala kunuka, nikamwita na jirani amweleze. Alitusikiliza kwa adabu. Jumapili nikamwona akishuka kwenye boda iliyotoka Koboko, pampu nyingine mikononi. Nilimfuata nyumbani kwake saa ileile, nikarudia kila neno.

"Nitakuwa mwangalifu, mwalimu," alisema, huku akiupima mdomo wa kisima kwa macho.