Mkono wa Shabani na Jiwe la Muganza

Juzi mtoto wangu alirusha jiwe juu akalingoja kichwa wazi. Nikamvuta haraka.

Nilikumbuka alasiri moja ya kulipua mawe machimboni, kwetu Muganza. Honi ililia, mimi na baba tukajibanza chini ya lori lililonuka mazutu, ile dizeli yake. Kaka yangu Shabani alibaki nje akicheka, akamwambia baba:

"Papa, dunia kuvuta vitu iko nadharia tu, haiko kanuni!"

"Ingia, weye mupumbavu!" baba akafoka.

Mlima ukapasuka. Jiwe likashuka, mkono wa Shabani ukavunjika kwa mlio kama wa muwa, damu ikaruka hadi kwenye gurudumu.

Kwa miaka niliamini mkono ule ndio ulioifanya nadharia iwe kanuni. Kumbe nadharia haigeuki kanuni kamwe: kanuni husema jiwe litashuka, nadharia hueleza kwa nini. Siku hizi Shabani anachimba palepale, na honi ikilia, yeye ndiye wa kwanza chini ya lori.