Mbegu za Modesta Kwenye Moshi wa Tatu

Tatu binti Abdallah alizaliwa, akaolewa, akazaa na akafa katika kitongoji chetu cha juu ya Mlola. Hakuwahi kuwa na cheo, hata cha kushika ufunguo wa kikundi cha akina mama. Alilima maharage, mahindi na kabichi kwenye matuta ya mteremkoni. Miaka ile pikipiki hazijafika huku, alibeba mizigo kichwani hadi sokoni. Alimzika mume mapema, akamlea mtoto wake mmoja, Idrisa, mpaka akawa fundi magari Korogwe. Alichotuzidi wengi wetu ni kwamba alikuwa na rafiki. Rafiki huyo ni Modesta, mjane wa Martin, Mkatoliki wa upande huu wa kilima, na habari za Tatu haziwezi kusimuliwa bila yeye.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao wa mbegu. Baada ya mavuno, mwanamke alichagua maharage yaliyojaa vizuri, akayachanganya na majivu, akayatia kwenye kibuyu. Kibuyu hicho hakukiweka kwake. Alikipeleka kwa rafiki yake, kikatundikwa juu ya meko, na rafiki naye akaleta chake. Moto ukawashwa kila siku, moshi ukafukuza wadudu. Sababu ilikuwa rahisi. Nyumba yako ikiungua, mbegu zipo kwingine. Mume wako akiwa mlevi, hazioni. Na njaa ikikushika, huwezi kuzila, kwa sababu ziko kwa mtu ambaye hatakupa mpaka mvua inyeshe.

Utaratibu huo ulikuwa na adabu zake. Njaa ikiingia, marafiki hao hawakutembeleana jikoni. Ukienda kwa mwenzako na tumbo tupu, ni kama unamwomba ruhusa ya kula mbegu zake. Ukienda na shibe yako, ni kama umekwenda kukagua kibuyu. Basi walikutana kisimani au njiani, wakasalimiana, wakacheka, kila mtu akarudi kwake. Mvua ya kwanza ndiyo iliyofungua milango.

Leo ukiwaeleza vijana jambo hili wanakutazama kama umewaambia kwamba zamani watu walikuwa na mkia. Mbegu wananunua dukani zikiwa zimepakwa dawa nyekundu. Mimi sibishani nao. Ila dukani sijaona mtu wa kukutunzia kitu chako akiwa na njaa yake.

Tatu na Modesta walibaki peke yao na desturi hiyo. Walianza wakiwa mabibi harusi, na iliwaokoa. Nyumba ya Modesta iliwahi kuungua usiku wa upepo, hata sufuria hazikupona, lakini masika yalipokuja alipanda kama watu wengine, kwa sababu kibuyu chake kilikuwa kwa Tatu. Hamza, mume wa Tatu, alipokufa kwenye lori la kabichi lililopinduka kwenye kona za kushuka Mombo, Modesta alihamia pale matangani na mkeka wake. Watu walipotawanyika, yeye alibaki. Alilima matuta ya Tatu kabla ya kugusa ya kwake, na alipokuwa akilima aliimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti kubwa.

Tatu, na machozi hayajamkauka, alimwambia, "Imba tu, Mama Shukrani. Tangu uanze sauti hiyo, nyani hawajashuka shambani kwangu."

"Na wewe usicheke," Modesta akamjibu. "Nikinyamaza watarudi, na hutaweza kuwafukuza kwa kununa."

Mama mmoja aliyekuwa pale alichukizwa na kicheko hicho ndani ya eda. Mimi nilipokisikia nilijua kwamba Tatu atapona.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa karibuni tu. Vuli ilikosekana kabisa. Mahindi yalinyauka yakiwa ya kimo cha goti, na unga ukapanda bei mpaka watu wakaona aibu kuuliza. Kabla ya hapo majirani wa Tatu nyuma ya kilima walikuwa wameshahamia chini, kando ya barabara, kufuata umeme na pikipiki, na nyumba yake ilibaki peke yake karibu na msitu. Kutoka kwa Modesta hata moshi wa pale hauonekani.

Wote wawili walikuwa na njaa, lakini Modesta alikuwa na nafuu kidogo. Binti yake Shukrani alimletea unga mara kwa mara kutoka Lushoto. Tatu hakuwa na wa karibu. Idrisa alimpigia simu akimtaka ashuke Korogwe mpaka mvua zije, na Tatu akawaambia wanawake wa kisimani kwamba atakwenda kwa mwanawe. Modesta alifurahi. Alimwambia akale wali wa bondeni kwa niaba yao wote wawili.

Baada ya hapo Tatu hakuonekana tena kisimani. Modesta alimuuliza Stephano, kijana wa bodaboda, naye akasema aliambiwa bibi ameshuka Korogwe. Kila mtu aliambiwa hivyo, na aliyeambiwa akamwambia mwingine. Zamani jambo kama hilo lisingewezekana. Mtu aliposafiri, kuku wake walihamia kwa jirani, jembe lake likaazimwa, nyumba yake ikafagiliwa uwanja. Watu walijua aliyeondoka na aliyebaki. Siku hizi tunajua habari za Dodoma kabla ya kujua za nyuma ya kilima.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha alfajiri. Modesta aliteremsha kibuyu cha Tatu kutoka juu ya meko yake, akajifunika kanga mbili, akakata kilima. Alidhani atakuta mlango umefungwa. Alikusudia kuacha kibuyu barazani na kumpigia Idrisa ampe habari za mvua.

Mlango ulikuwa wazi kidogo na moshi ulikuwa ukitoka.

Tatu alikuwa amelala ubavuni kando ya mafiga, kuni ndogo mkononi. Alikuwa amekonda kiasi kwamba Modesta alipomwinua aliona kama anamwinua mtoto. Homa ilikuwa imemkalia siku nyingi, na mwili haukuwa na nguvu za kupambana nayo. Pembeni kulikuwa na chungu chenye majani ya maboga yaliyochemshwa bila chumvi. Juu ya meko kilining'inia kibuyu cha Modesta, cheusi kwa masizi, kimejaa mpaka shingoni.

Haya aliyoyasema Tatu nimeyapata kwa Modesta mwenyewe, na hajawahi kuyabadilisha.

Modesta alimuuliza, "Mama Idrisa, kwani hukwenda Korogwe?"

"Ningekwendaje? Moto angeuwasha nani?"

"Ungekula. Mama yangu, si ungekula tu."

"Ni zako," Tatu akasema. Kisha akauliza kama ile aliyoisikia juu ya bati ni mvua kweli.

Modesta alitoka akapiga kelele mpaka watu wakasikia. Zamani wanaume wangefika na miti miwili na blanketi, wakafanya machela, wakapokezana mabega hadi kwa mganga. Mimi nimebeba, na nimebebwa. Siku ile walifika watu wachache, wengi wazee kama mimi, na Stephano na pikipiki yake. Wakampakia Tatu katikati, Modesta nyuma amemkumbatia, wakateremka kwenye utelezi kuelekea zahanati.

Tatu alikata roho njiani. Modesta alisikia pumzi ya mwenzake imekoma juu ya kifua chake, lakini hakumwambia Stephano. Alinieleza kwamba aliogopa kijana angesimama, nao wakabaki pale njiani mvuani. Aliendelea kumshika na kumzungumzia mpaka wakafika.

Idrisa alipanda siku hiyo hiyo, akamzika mama yake kabla ya jua kuzama. Watu wengi walimtumia pole kwa simu. Baada ya kuzika alikaa kwenye mkeka na kuuliza, bila ukali, kwa nini mama yake hakuitika alipomwita, na kila alipompigia simu akasema chakula kipo. Ndipo Modesta akaenda ndani, akakiteremsha kibuyu, akakiweka mbele yake.

"Alikuwa ananitunzia hiki," alisema.

Idrisa alitazama ndani. "Maharage?" akasema. Kisha akajifunika uso kwa mikono yake miwili.

Watu walidhani Modesta hatazipanda mbegu hizo. Alipanda zote, za kwake na za Tatu, shamba kwa shamba, na hakuimba. Wengine tulikwenda kumsaidia siku moja, tukaona afadhali tumwache. Mavuno yalikuwa mazuri. Alimpelekea Idrisa gunia la mama yake, na yaliyozidi akawagawia majirani. Mwenyewe sijamwona akiyala.

Baada ya kuchagua mbegu alikuja nyumbani kwangu na kibuyu amekifunga kwenye kanga. Mkwe wangu Husna alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akasikiliza haja yake yote kwa heshima. Kisha akamweleza kwamba sisi tunapikia gesi, nyumba yetu haina moshi, na wadudu watazila mbegu zake bure. Akajitolea kumnunulia za pakiti msimu ukifika.

"Ahsante, mwanangu," Modesta akasema.

Nilimsindikiza hadi njiani. Alisimama akaniuliza kama kitongojini bado kuna nyumba yenye meko ya kuni.

"Zipo nyingi," nikamwambia.

"Nipeleke kwa nani?"

Nilianza kufikiria nyumba moja baada ya nyingine, kutoka msikitini hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi barabarani. Modesta alisubiri kwa adabu, amekishika kibuyu kwa mikono miwili, mpaka alipoona sina jina la kumtajia. Akaniaga, akarudi nacho kwake.