Faida Alikula Wali Wetu

Siku moja kabla ya kwenda darajani tulipika wali, na hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa ya siku. Ambokile wa Ikolo alikuwa ametumiwa mchele na mama yake, mchele wa Kyela wenyewe, ukasafiri hadi mashariki ya Kongo tulikokuwa tunalinda amani. Ulipochemka, naapa, harufu yake ilivuka seng'enge, ikavuka bonde, ikawafikia maadui huko porini wakaulizana nani ameoa. Sufuria lenyewe ungeweza kumwogeshea ndama.

Mgeni wetu alikuwa Faida, mwalimu wa kwaya wa kijiji cha jirani. Kila Jumapili alikuja kutufundisha nyimbo za kwao, nasi tukamfundisha zetu za Kinyakyusa, ambazo alizikosea vizuri kuliko sisi tulivyozipatia. Mlinzi wa getini, mtu wa Singida, alitaka kumpekua. Ambokile akamzuia.

"Gwe, huyu amekula na sisi. Mtu uliyekula naye unampekua nini, wali?"

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu mkishakula pamoja ni mwenzako, na mwenzako humfichi safari. Kwa hiyo Faida alipouliza kama kesho atatukuta kwa mazoezi, Ambokile hakusita.

"Asubuhi tuko darajani. Njoo jioni."

"Ndaga fijo," Faida akashukuru kwa Kinyakyusa safi, akalamba vidole.

Asubuhi tukaenda.

Gari la mbele lilifika katikati ya daraja.

Risasi zilitoka migombani. Nikajitupa mtaroni.

Faida alikuwa ng'ambo, amevaa shati lake la kwaya. Hakuwa na bunduki. Alikuwa anawaonyesha wenye bunduki tulipo, kwa kidole.

Ambokile aliinuka kumvuta dereva. Kisha akakaa chini, polepole.

"Asajile, nishike."

Nikamshika. Hakusema neno lingine.

Hapo sitii chumvi. Nimejaribu miaka yote kuikuza habari hii, haikui.

Sasa niko Ndandalo, nalima kakao. Kanisani kwetu, wiki ya kuelekea Meza ya Bwana, wazee hupita nyumba kwa nyumba na swali moja: una neno na mtu? Kama unalo, ulimalize kwanza, ndipo uje mezani. Majirani zangu hujibu hawana, na ugomvi wao wa mpaka wa shamba hata kuku wanaujua. Mimi hujibu ninalo.

"Bado yule yule?" huniuliza mzee Mwaipopo.

"Yule yule, tata."

"Msamehe, mwanangu."

"Akifa vibaya nitafikiria."

Huguna, husali, huenda zake. Wala sisemi simwombei Faida. Namwombea kila siku. Naomba meno yake yaoze kwa zamu, moja likipoa lingine lianze. Naomba kila akifungua kinywa kuimba, wimbo umkimbie. Naomba azeeke kuliko milima ya Livingstone, ili apate muda wa kutosha.

Vijana wa siku hizi wananiambia Mungu ni hadithi ya babu. Hao nawashinda kwa kelele. Tumpale siwezi kumpigia kelele. Ni dada yake Ambokile, na tangu tulipomzika kaka yake hajakanyaga kanisani. Juzi, wazee walipotoka kwangu, nikamkuta anaanika kakao.

"Umewaambia unalo?"

"Ninalo."

"Si uache tu kanisa, kaka Asajile? Siku ile huyo Mungu alikuwa wapi? Unangoja nini huko?"

"Namngoja hakimu. Serikali haikumpata Faida, jeshi halikumpata. Kama huko juu hakuna mtu, basi alishiba wali wetu akaondoka hivyo hivyo. Siwezi kukubali, Tumpale. Lazima Mungu awepo."

Aliendelea kutandaza mbegu kwa viganja.

"Na akitubu?"

"Nani?"

"Faida. Si unasema Mungu wako husamehe? Labda alishatubu zamani. Labda Jumapili hii anakula hiyo meza huko kwao, na wewe hapa unaipisha."

Nimesoma shule ya jioni, nina majibu ya kumtoa jasho profesa. Nikainama, nikamsaidia kugeuza kakao.

Jumapili nilikwenda. Mkate ulipofika benchi letu nikampitishia jirani. Kisha nikaomba kitu ambacho sijamwambia mzee Mwaipopo: kwamba Faida akitubu, asipokelewe.

Nilijua naomba kwa nani. Nimemjua tangu utotoni, na sijawahi kusikia amemfukuza mtu aliyetubu. Ambokile yuko kaburini Ikolo. Tumpale hatarudi kuimba. Na mimi nimebaki na Mungu ambaye nilimshikilia ili ampige Faida, na huenda amekwisha kumkaribisha.