Mkwe Asiyejua Kulia

Bi Inshirah alikuwa na kosa moja alilolitafuta katika kila tamthilia, wala hakupata kulikosa: watu wa kwenye televisheni hawajui kudanganya. Wanadanganya wakitazama dirishani. Wanadanganya huku fidla zikilia nyuma yao, kana kwamba mume akitaka kumwongopea mkewe huja na wapiga muziki hadi sebuleni.

"Mwongo halisi," alimwambia Nagat, jirani wa ghorofa ya chini aliyepanda kila jioni ya Ramadhani na sahani yake ya katayif, vile vitamu vya kujazwa njugu, "anakutazama machoni, halafu anakuomba chumvi."

Jengo zima pale Shubra lilijua somo hilo alisomea wapi. Kwa miaka ishirini na sita Bi Inshirah alifanya kazi kituo cha simu, akiwaunganisha watu wa Kairo na ndugu zao wa mikoani. Miaka hiyohiyo mumewe, marehemu Fathallah, alikwenda Damanhur kila Jumatatu kukagua maghala ya pamba, akarudi Jumatano na kikapu cha machungwa. Siku ya matanga yake, mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke mnene aliyevaa nyeusi, na nyuma yake mabinti wawili wenye pua ya Fathallah. Machungwa yale, ikabainika, yalichumwa uani kwake. Simu ngapi za Damanhur Bi Inshirah aliziunganisha kwa mkono wake mwenyewe, hilo hakutaka kulihesabu.

Tangu hapo akawa mtazamaji. Hakutazama ili asahau. Alitazama kama mtu aliyefeli mtihani na sasa anaurudia peke yake, kila jioni, miwani puani, rimoti mkononi.

"Huyu ameamka sasa hivi, wanja umetoka wapi?" angeuliza. "Mgonjwa wa moyo gani huyu, anaaga kwa hotuba? Fathallah hakupata hata nafasi ya kuomba maji." Na wakati mwingine: "Maskini hawa wana pazia ambalo mimi sijawahi kuwa nalo. Niletee umaskini wao, nitaupokea kwa mikono miwili."

Basi jioni moja ya Shaabani, Nagat naye akiwepo, Rawya akazima televisheni katikati ya tukio. Rawya, mwalimu wa hesabu, alikuwa binti wa marehemu kaka yake Bi Inshirah, aliyelelewa katika nyumba ile tangu akiwa na miaka saba. Hakuwa na baba wala baba mdogo. Neno la kumwoza lilikuwa la shangazi yake.

"Shangazi, kuna mtu anataka kuja kwa posa."

"Anafanya kazi gani?"

Rawya aliitazama rimoti. "Unamjua. Ni Wajdi Sarhan."

Jina halikuwaambia kitu. Ilibidi aeleze, na alipoeleza, Nagat alijipiga kifua. Ni yule karani wa tamthilia ya Ramadhani iliyopita, aliyewasaliti wanawake wawili, akauza tanuri la mikate la kaka yake, akamtupa mama yake mzazi nyumba ya wazee.

"Yule shetani? Rawya mwanangu, wanaume wameisha?"

"Ile ni kazi, Mama Nagat."

"Kazi gani ya kutupa mama?"

Bi Inshirah hakucheka. Aliiwasha tena televisheni, lakini hakuona kitu. Mtoto huyu ndiye pekee aliyebakiwa naye. Kama angemtia mikononi mwa Fathallah mwingine, basi miaka yote ile mbele ya kioo ilikuwa bure.

Wajdi alikuja Alhamisi baada ya alasiri, na mama yake, na sinia ya keki za basbusa. Kwa karibu alikuwa mfupi kuliko kwenye televisheni, na viatu vyake vilikuwa vimefutwa vumbi na mtu mwenye wasiwasi. Nagat alikaa kando ya yule mama, akamminya mkono kwa huruma, akamnong'oneza, "Wamekutoa lini?"

"Kutoka wapi, dada?"

"Basi, basi. Yamepita. Kula."

Bi Inshirah alisubiri chai ifike. Kisha akauliza, "Umewahi kuchumbia kabla ya hapa?"

"Hapana, Hajjat. Rawya ndiye wa kwanza." Na mkono wake wa kulia ukapanda, ukavuta ncha ya sikio.

Bi Inshirah aliweka kikombe chini.

"Kipindi cha tisa," alisema.

"Samahani?"

"Kipindi cha tisa, unamwambia polisi hujauona mkoba. Ukavuta sikio. Cha kumi na nne, unamwambia mkeo umetoka kazini. Sikio. Kule makaburini ukalia mpaka nikaona haya mimi, machozi hayaji, mkono sikioni. Nikamwambia Nagat, sikio la kijana huyu litang'oka kabla ya Idi."

"Alisema," Nagat alithibitisha. "Wallahi alisema."

Rawya alikuwa amesimama mlangoni na birika, uso umemwiva. Mama wa Wajdi akasema taratibu, "Mwambie, mwanangu."

Akasema. Alikuwa na mchumba Mansura, miaka miwili. Wazazi wa msichana walirudisha pete, wakasema binti yao haolewi na mchekeshaji wa watu. "Niliona aibu, Hajjat. Nikaogopa na nyinyi mtasema hivyohivyo." Mkono wake ulikuwa umelala pajani, hausogei.

Ndipo Bi Inshirah akacheka, cheko ambalo nyumba ile haikulisikia tangu matanga.

"Wewe ni mwigizaji mbaya sana, mwanangu."

"Hajjat…"

"Mbaya kabisa. Hujui kulia, hujui kuongopa, sijapata kuona mbaya kama wewe. Haya, tusome Fatiha."

Wakainua viganja, wakasoma, uchumba ukafungwa. Nagat akapiga vigelegele hadi ghorofa ya tano ikajibu. Wajdi peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa mtu anayepokea mke kwa mkono mmoja na kuzika kitu kwa mkono wa pili, lakini nani humtazama bwana harusi siku kama hiyo?

"Nimemwoza kwa dirisha," Bi Inshirah alimwambia Nagat jioni ile. "Kila kilichomo ndani kinaonekana."

Ramadhani ya mwaka uliofuata, akiwa tayari mume wa Rawya, Wajdi alipewa nafasi kubwa, ya ndugu wa shujaa. Wakafuturu wote kwa Bi Inshirah, wakajipanga mbele ya televisheni na katayif zao. Kipindi cha saba, ndugu huyo alirudi nyumbani akiwa na siri ambayo ingemuua mama yake. Mama akamuuliza alikokuwa. Akamtazama machoni, akatabasamu, akaomba mkate. Mkono haukupanda. Fidla haikulia. Kisha, akiwa peke yake, akalia kwa machozi ya kweli, mpaka Nagat akatafuta leso.

"Nimemwamini! Wallahi nimemwamini, mbwa huyu!"

"Amesomea," Rawya alisema kwa fahari. "Kila Jumatatu anakwenda kwa mwalimu wa maigizo."

"Maneno yako yalinichoma, shangazi," Wajdi alisema. "Nikaapa, lazima siku moja unisifu."

Bi Inshirah hakuwa ameinua macho kutoka kwenye kioo, ingawa sasa yalikuwa matangazo ya sabuni.

"Kila Jumatatu?" aliuliza.

"Kila Jumatatu."

"Mwalimu gani?"

"Mzee mmoja wa kule Heliopolis. Hodari sana." Alimgeukia, akamtazama machoni, na tabasamu lake lilikuwa zuri, la mkwe mwema kabisa. "Shangazi, hebu nisogezee sukari."

Bi Inshirah alimsogezea bakuli, akauangalia ule mkono ukilipokea. Ulikuwa mkono mtulivu, na haukumwambia kitu.