Kibao cha Mama Mkwe

Saa moja na nusu asubuhi mjini Miagao, Jovelyn Nobleza anamshika kiuno mzee anayejifunza kutembea upya baada ya kiharusi.

"Mguu wa kushoto kwanza, Tatay. Usinidanganye, nauona."

Mzee, ambaye kila mtu humwita Tatay, yaani baba, anacheka, anautanguliza wa kushoto.

Nyuma ya ukuta wa mianzi, mama mkwe wake, Nanay Crispina, yaani Mama Crispina, anapasha mafuta ya nazi. Ni mkandaji wa kienyeji, hilot, na malipo yake ni peso mia au kuku, ukipenda. Nyumba moja, milango miwili. Leo wanataniana, mwaka jana hata salamu ilikuwa ngumu.

Chanzo ni kibao. Jovelyn alipopata leseni ya tiba ya viungo na kutundika kibao chake, Nanay naye akaandikisha mlangoni kwake: "Mtaalamu wa Tiba ya Viungo". Kisheria, jina hilo ni la mwenye leseni tu. Mkaguzi angelikuta, chumba cha Nanay kingefungwa. Jovelyn akachukua rangi nyeupe, akalifuta.

"Nimenyoosha migongo ya mtaa huu yeye hajazaliwa," anasema Nanay. "Halafu ananifuta kama kinyesi cha kuku."

"Nilimwambia, Nanay, kazi sijakukataza, ni jina tu," anaeleza Jovelyn. "Akaninyima mchuzi. Nilikula wali mkavu mpaka nikakonda."

Kisha akaja Rodel, dereva wa bajaji, aliyeanguka akavimba mguu. Jovelyn alikataa kumgusa: kanuni za kazi yake zinadai kwanza barua ya daktari. Rodel akachechemea hadi mlango wa pili, akisema kwa sauti kwamba mkwe kasoma bure. Foleni nzima ikatega masikio.

Nanay alipitisha jani la mgomba lenye mafuta juu ya mguu. Palipo na ugonjwa, jani hunata. Lilinata juu ya kifundo, na Rodel akapiga yowe. Nanay akaondoa mikono.

"Hapa pana mfupa uliovunjika. Nenda kwa daktari."

"Nikande tu kidogo, Nanay."

"Nikukande ulemae? Alivyokwambia mkwe wangu ndivyo hivyo hivyo."

Ukuta ni wa mianzi. Jovelyn alisikia kila neno. "Nililia," anakiri. "Na mchana ule nikaletewa mchuzi, kichwa cha samaki kimo."

Rodel alifungwa plasta, na ilipotolewa, daktari akamwandikia barua ya kwenda kwa Jovelyn. Sasa anaendesha bajaji kama kawaida, na kelele zake vilevile.

Kabla ya sikukuu ya mji, Nanay anataka kibao kipya: "Crispina, Hilot". Sharti lake ni moja, herufi ziwe kubwa kuliko za mkwewe.

"Nimezisoma kanuni zote," anasema Jovelyn, akikoroga rangi. "Ukubwa wa herufi hazijautaja."