Shubiri Moja ya Udongo Juu ya Kalvati

Kalvati ile, mabomba ya kupitisha maji ya mtaro chini ya njia, niliilaza mwenyewe, mbele ya geti la mama mzee mwenye ploti huko Kawangware. Wapangaji wake walimwita Shosho, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo. Nilipokuwa nikichimba, nilikuta mwamba. Badala ya kuuvunja nilipitisha mabomba juu yake, nikayafunika kwa udongo wa shubiri moja, nikashindilia, nikarudi zangu nyumbani Gatwekera. Shosho hakujua.

Miaka mitatu baadaye ikaziba, akaniita tena. Nilienda na jirani yangu niliyezoea kufanya naye vibarua. Reki haikufika katikati, kwa hiyo nikaingia kwa tumbo, koleo fupi mkononi, naye akabaki mtaroni akipokea takataka.

Katikati niliona ufa. Ulianzia kwenye kiungo cha mabomba, ukapita juu ya kichwa changu. Nikaupima kwa kidole, kidole kikaingia. Hapo ndipo nikasikia lori.

Lilikuwa limeleta kokoto kwenye ploti ya pili, na dereva alitaka kugeuzia kwenye geti la Shosho. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilisikia tu bomba likitetemeka kifuani, na mchanga ukinimwagikia shingoni. Nikajisukuma nyuma. Mkanda ukanasa. Nikapiga kelele, sauti ikanirudia mwenyewe. Nilijikojolea, sina sababu ya kuficha.

Nikamsikia mwenzangu akipanda juu, akipayuka, "Simama! Kuna mtu ndani!" Lori likaendelea kurudi nyuma. Kisha mlio wa fimbo kwenye bati la gari, na sauti ya Shosho: "Wewe! Hapana rudi! Kuna mtoto wa watu hapa chini!"

Injini ikazimwa.

Mwenzangu alinivuta miguu, akishika gambuti zangu za mpira, hadi mkanda ukakatika. Nilipotoka, Shosho alikuwa bado amesimama mahali palepale, juu ya ule ufa, akimgombeza dereva.

"Shosho, toka hapo," nikamwambia.

"Nitoke kwa nini? Si hii ni kazi yako?"

"Ni yangu. Ndiyo maana nakwambia utoke." Nikanyoosha kidole mtaroni. "Kuna mwamba huko chini. Niliona uvivu kuuvunja."

Aliwaangalia wajukuu wake waliokuwa wakiruka kamba hatua mbili kutoka pale, akawaita ndani mmoja mmoja. Ndipo akanigeukia.

"Kesho uje na nyundo."

Tuliuvunja mwamba ule kwa siku mbili. Mabomba mapya yakalala chini kabisa, udongo juu yake ukapita urefu wa mkono wangu. Shosho alikaa kwenye stuli akitazama kila jiwe likitoka, na tangu siku hiyo hajawahi kunisifu.

Lakini kuna mageti mengine mawili niliyoyafanya vile. Kwenye moja nilienda kusema ukweli. Mwenyewe akanifukuza, akidhani natafuta kazi. La pili liko karibu na stendi ya Olympic, na gari la shule huingia hapo kila asubuhi. Nimefika kwenye kona yake mara nne. Bado sijabisha hodi.