Tulipochagua .or.tz, wakulima wakadhani mbegu zetu za viazi ni za bure

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za kazi.

Naandika kutoka Mbeya. Mambo ya website nimejifundisha mwenyewe, kwa daftari na bando. Haya yamenikuta, sijayatia chumvi, ila nisameheni, kila nikiandika mstari nacheka.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mbegu za viazi mviringo. Msimu huu ghala lilijaa hadi mlangoni. Mbegu ya kiazi haina subira: ikichipua sana, machipukizi yanakatika kwenye gunia na mkulima haitaki. Tulikuwa na wiki chache tu.

Nikaagizwa kutengeneza website. Kwanza nikachora jedwali la extension, yaani ule mwisho wa anwani:

.com ni ya dunia nzima.
.co.tz ni ya biashara za Tanzania.
.or.tz ni ya taasisi zisizotafuta faida.
.sc.tz shule, .ac.tz vyuo, .go.tz serikali (hii hujinunulii).

Jibu lilikuwa kwenye daftari langu, wakuu. Lakini tukaenda kikaoni.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mwasenga, alikuwa kijana miaka ya sabini, na neno "mlanguzi" bado linamtoa jasho.

"Sisi ni kikundi, siyo duka," akasema. "Weka hiyo ya taasisi. Wakiona ya biashara watasema tumeanza ulanguzi."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Wiki mbili baada ya kuiweka website hewani, email zikamiminika! Nikatembea mjini kifua mbele. Nilipokaa kuzisoma moja moja, nikakuta CV. Mwingine anauliza posho ya semina ni kiasi gani. Wengine wanaomba kuchimbiwa kisima.

Mama Atu, mtunza ghala wetu, akaniita.

"Katibu, wamekuja wangapi?"

"Email arobaini na tatu, mama."

"Nimeuliza wanunuzi. Njoo uone viazi vyako, vimeota masharubu."

Nilirudi kwenye zile email. Baba mmoja wa Ilula, Iringa, alikuwa ameandika maneno mawili, "Mnagawa lini?", na namba ya simu. Nikapiga.

"Kamwene, baba," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Enhe, gari limefika wapi?"

"Gari gani?"

"La mbegu! Huku tumeshaandikishana majina, tuko sitini. Tunangoja mgao."

"Baba, sisi tunauza."

"Mnauza? Si mngesema! Hela ninayo. Nimeona anwani yenu ni ya shirika, nikasema ninunue ya nini wakati mradi unaleta?"

Nilikaa juu ya kreti nikacheka hadi Mama Atu akaniuliza kama naumwa.

Siku hiyo hiyo nikasajili jina lilelile kwa .co.tz. Ile ya zamani sikuitupa. Niliifanyia redirect, anayeiandika anapelekwa kwenye mpya. Ukurasa wa mbele nikaweka neno TUNAUZA, na bei chini yake. Kwa hiyo sidai kwamba extension ilifanya kazi peke yake.

"Haya, walanguzi," Mzee Mwasenga akasema, "tuone."

Baba wa Ilula aliwakusanya wenzake wale wale wa mgao, wakachanga, wakaja na Fuso. Wiki iliyofuata wakaja wakulima wa Igawa. Jana Mama Atu alifagia ghala tupu, na Mzee Mwasenga anataka kujua kama tunaweza kuongeza na ya .com!

Nilichojifunza: mtu husoma mwisho wa anwani yako na kuamua wewe ni nani kabla hujamsalimia. Chagua kwa kazi unayofanya, siyo kwa heshima unayoitafuta. Na sajili kwa jina la kikundi, siyo la fundi anayekutengenezea website, asije akaondoka na anwani yenu.

Kama uko njia panda, andika hapa chini unafanya nini na unamhudumia nani, tukuchagulie pamoja. Daftari liko wazi, viazi vya kuchemsha viko mezani, na leo sina haraka kabisa.